Maji anayohara mtoto yanatoka wapi?

SWALI: Mwanangu ana mwaka na nusu. Tangu alfajiri anahara maji matupu, na hajanywa hata kikombe kimoja. Maji yote hayo yanatoka wapi? Bibi yake anasema tusimpe kitu mpaka tumbo litulie. — Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Maji hayo yanatoka kwenye damu yake. Bibi anasema kwa mapenzi, lakini usimnyime kinywaji.

Utumbo wa mtu mzima hupokea lita 8 hadi 9 za majimaji kwa siku, na karibu yote hufyonzwa yakarudi mwilini. Bakteria wa kipindupindu, na baadhi ya aina za E. koli, hung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba bila kuutoboa, wakamwaga sumu. Sumu hiyo huingia ndani ya seli na kuacha milango ya chumvi wazi. Chumvi ikimwagikia utumboni, maji huifuata. Umeshatengeneza achari ya embe: ukinyunyizia vipande chumvi, baada ya muda sinia linalowa.

Bakteria wa shigela wao huvamia na kuchubua utumbo mpana. Ukiona damu au makamasi kwenye choo, nenda hospitali. Kwa umri wa mwanao, huenda hata ni kirusi, lakini maji lazima yarudishwe vilevile.

Na hapa ndipo penye tumaini. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango mmoja, ule unaoingiza sukari na sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) kwa pamoja, navyo vikiingia huvuta maji. ORS, ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, imepimwa kwa ajili ya mlango huo. Basi koroga pakiti kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake, usipunguze maji ukidhani itakuwa kali zaidi. Soda ina sukari nyingi mno, itazidisha kuhara. Dafu, tunalolikimbilia sana huku kwetu, lina potasiamu ya kutosha ila sodiamu yake ni kidogo, haliwezi kushika nafasi ya ORS.

Mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Kama ananyonya, aendelee. Usimpe dawa ya kufunga tumbo. Ulizia vidonge vya zinki kituoni.

Sasa mfinye ngozi ya tumbo, uiachie. Ikichelewa kurudi, au macho yamezama, au analia bila machozi, au hawezi kunywa, mpeleke Hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu sasa hivi. Kama anaweza kumeza, hata njiani kijiko kisikome.