Maswali ya Wasomaji: Nafasi za utafiti wa jenetiki ya mifugo wakati wa likizo

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninasoma mwaka wa pili wa Shahada ya Sayansi ya Wanyama mjini Morogoro, na nyumbani kwetu ni Pongwe, Tanga. Somo ninalolipenda kuliko yote ni jenetiki. Nimeona matangazo ya vyuo vya Marekani vinavyowachukua wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti kwa takriban wiki 10 za kiangazi, tena kwa posho. Huku nyumbani wazee wananishauri nikafanye mafunzo kwa vitendo katika kituo cha mifugo cha Buhuri, hapa Tanga, nami nahofia kwamba nitaishia kukata majani na kukamua. Niombe wapi, ili baadaye nipate nafasi ya shahada ya uzamili? (Mwanafunzi, Pongwe)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na Marekani, kwa kuwa huko hakuhitaji maneno mengi. Programu nyingi za aina hiyo hugharimiwa na Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo, na posho zake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza hutolewa kwa raia wa Marekani na wakaazi wake wa kudumu tu. Sharti hilo huandikwa, ila aghalabu hukaa chini kabisa ya tangazo, baada ya picha za maabara zinazong'aa. Basi lisome kabla hujamsumbua mhadhiri yeyote akuandikie barua. Zipo nafasi chache zinazogharimiwa kwa njia nyingine ambazo huwapokea wageni, lakini maombi yake mengi hufungwa mapema mwaka, na kiangazi chao cha Juni hadi Agosti huweza kugongana na mitihani yako ya mwisho wa mwaka. Ukitaka kujaribu, jaribu, ila usiache kila kitu ukisubiri jibu.

Karibu zaidi, Nairobi ipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ambayo hushirikiana na Taasisi ya Roslin ya Scotland, kule alikozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996, katika utafiti wa jenetiki ya mifugo ya nchi za joto. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha iweke akiba, kwani hiyo hufundisha uzamili na uzamivu.

Sasa Buhuri, na hapa ndipo ninapotofautiana nawe. Huko kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, pamoja na chuo cha mifugo, katika mkoa ambao wafugaji wake wadogo wamekuwa wakifuga ng'ombe chotara wa maziwa kupitia mpango maalumu ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi. Kukamua unakokuogopa ndiko jenetiki inakoanzia. Lita zinazoandikwa asubuhi na jioni kwenye daftari la banda ndizo data yenyewe. Zikiandikwa kwa kubahatisha, hakuna mashine ya maabara itakayozirekebisha.

Fikiria tatizo lilivyo. Ng'ombe mmoja hutoa maziwa mengi kuliko mwenzake kwa sababu ya urithi wake, lakini pia kwa sababu ya pumba, maji, ndigana na uangalifu wa mwenyewe. Ulaya hutenganisha mambo hayo kwa kuwa dume mmoja ana mabinti mamia katika mashamba mengi, na ukoo wa kila mmoja umeandikwa. Kwetu nyumba moja ina ng'ombe wawili au watatu, na ukiuliza baba wa mtamba unaambiwa ni dume la jirani lililokwisha kuuzwa. Vinasaba ndivyo vinavyoziba pengo hilo: kwa kusoma maelfu ya alama katika kromosomu za ng'ombe, ambazo ni jozi 30, mtafiti hujua nani ni ndugu wa nani, na kila chotara ana sehemu gani ya Friesian, ya Jersey na ya zebu wetu, hata kama hakuna karatasi ya ukoo. Mradi wa kikanda wa kuboresha ng'ombe wa maziwa, African Dairy Genetic Gains (ADGG), ulijengwa juu ya wazo hilo hilo, ukikusanya data ya wafugaji wadogo wa Tanzania na Ethiopia. Na kazi bado ipo tele: ramani ya vinasaba vya ng'ombe iliyotangazwa mwaka 2009 ilitokana na jike wa mbari ya Hereford wa Marekani, na chipu za mwanzo za kusomea alama hizo zilitengenezwa kwa kutegemea zaidi mbari za Ulaya, hivyo hazimwelezi zebu kwa ukamilifu ule ule.

Ukifika pale, omba ufundishwe kuchukua sampuli. Nywele za mkiani hung'olewa, hazikatwi, kwa kuwa vinasaba vinavyotafutwa vimo katika kile kitone cheupe cha mzizi. Huwekwa ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana kwa unyevu wa pwani yetu plastiki huotesha ukungu, na namba ya hereni huandikwa juu ya bahasha kabla ng'ombe mwingine hajaingizwa kwenye kizuizi. Bahasha mbili zikibadilishana, ng'ombe wawili wamebadilishana ukoo, na huenda asigundue mtu.

Usiombe nafasi kwa barua ya kusema tu kwamba unapenda jenetiki, kwa maana hiyo huandikwa na kila mtu. Taja swali moja dogo linaloweza kujibiwa kwa wiki 8 kutokana na kumbukumbu zilizopo: kwa mfano, je, muda kati ya kuzaa na kuzaa hutofautiana baina ya chotara wa kizazi cha kwanza na wale waliopandishwa tena kwa mbegu ya Friesian? Ukirudi na ripoti ya kurasa 10 yenye swali, data iliyosafishwa na jedwali ulilolichanganua mwenyewe, kamati ya uzamili itakuwa na kitu cha kukupima nacho. Nakiri nina upendeleo: kati ya cheti cha kuhudhuria na daftari lililojazwa vizuri, nalichukua daftari.

SWALI: Kijana wangu anayesomea mifugo ametumiwa ujumbe kwamba amepata nafasi ya utafiti nje ya nchi, na anatakiwa kulipa kwa simu kwanza ili nafasi isipotee. Nilipe? (Mzazi, Muheza)

JIBU: Usilipe, dada yangu. Maabara ya kweli huwa na jina la msimamizi linaloonekana katika tovuti ya chuo chenyewe, na barua yake hutoka katika anwani ya chuo hicho. Kijana aupeleke ujumbe huo kwa mhadhiri wake, naye mhadhiri akiandikie chuo moja kwa moja, asipitie kwa aliyemtumia.

SWALI: Mimi nasoma takwimu, sikuwahi kumshika ng'ombe. Ninaweza kuomba nafasi hizi? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

JIBU: Unaweza, na pengine utagombewa. Jifunze programu ya R, ambayo ni ya bure, kisha umwombe msimamizi akupeleke zizini angalau siku za mwanzo, ili ukikutana na ng'ombe aliyeandikiwa lita 90 kwa siku ujue kwamba kuna nukta iliyosahaulika.