Ukiwa Dubai mashine ikakuuliza shilingi au dirham, bonyeza dirham

Mkuu, umesema unakwenda Dubai mwezi ujao na jamaa yako kakushauri ukilipa kwa kadi uchague shilingi "ili usipigwe kwenye kubadilisha". Simlaumu. Safari zangu mbili za mwanzo nami nilikuwa na akili hiyo hiyo. Ila hapo kwenye shilingi ndipo unapopigwa.

Mimi nafuata mzigo wa vifaa vya simu Deira, mtaa wa biashara huko Dubai, na kredit kadi yangu ni ya dola. Kwa mashine ya kulipia, sarafu ya "kwenu" ni ile ya kadi, kwa hiyo wewe utaulizwa shilingi au dirham, hela ya huko, mimi niliulizwa dola au dirham. Duka la kwanza bili ilikuwa dirham 1,470. Kijana wa kaunta kanigeuzia mashine, USD juu, AED chini. Nikabonyeza dola bila kuwaza, maana dola naijua na dirham siijui. Risiti ikatoka dola 417.61, nikaitia mfukoni.

Usiku nafunga hesabu hotelini, namba hazikai. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725, leo na kesho. Ukigawa 1,470 kwa hiyo unapata dola 400.27. Nikaisogeza risiti kwenye taa nisome yale maandishi ya chini: reti waliyotumia ni 3.52. Dola 17 na senti zimekwenda kwa kitufe kimoja, zaidi ya asilimia 4. Na mimi nilibahatika kwamba ni dola, nina namba ya kushikia. Kwa shilingi, ambayo reti yake inacheza kila siku, ungerudi nayo hadi Kariakoo usijue.

Inavyokwenda ni hivi. Tarakimu za mwanzo za kadi yako zinaiambia mashine kadi imetolewa nchi gani na ni ya sarafu gani. Mashine ikishajua wewe ni mgeni, benki ya mwenye duka, au kampuni inayoshirikiana nayo, inajitolea kukubadilishia pale pale kwa reti yake yenyewe, ikiwa na cha juu ndani. Mwenye duka mara nyingi ana mgao wake humo, ndiyo maana baadhi ya makeshia wana haraka ya kukuchagulia. Ukibonyeza dirham, kazi ya kubadilisha inakwenda kwa Visa au Mastercard. Reti zao wanaziweka wazi kwenye tovuti zao, unaingiza tarehe na sarafu unaiona, na huwa karibu sana na soko. Juu yake benki yako inaweka makato ya muamala wa nje. Yangu ni asilimia 2, kwa hiyo ile bili ingenitoka kama dola 408. Piga simu uulize ya kwako kabla hujapanda ndege, zinatofautiana sana.

Najua utauliza: nikichagua shilingi si nakwepa hayo makato ya benki? Nami nilidhani hivyo. Taarifa ya kadi ilipokuja, benki ilikuwa imekata asilimia 2 yake juu ya zile 417, kwa sababu duka liko nje ya nchi, haijali umelipa kwa sarafu gani. Kwa hiyo nilikatwa huku na huku, jumla kama dola 426. Ziko benki ambazo hazikati namna hiyo, lakini hata huko, cha juu cha mashine kwa kawaida kinazidi makato uliyoyakwepa.

Watakwambia pia ukilipa kwa sarafu ya kwenu unajua kabisa utakatwa ngapi, wakati ukilipa dirham reti inaweza kusogea kidogo hadi muamala upite benki, siku mbili tatu. Ni kweli inaweza kusogea. Lakini kusogea kwa siku mbili kwa kawaida hakufikii asilimia 4, na kunaweza kuwa upande wako. Labda uwe umesafiri kwa masurufu ya ofisi na mhasibu wenu anataka risiti ya shilingi tu, hapo bonyeza unachotaka, hela si yako.

Cha kuangalia zaidi ni keshia kukuchagulia. Kanuni za Visa na Mastercard zinasema lazima uulizwe, na uamuzi ni wa mwenye kadi. Kabla ya kuingiza namba ya siri tazama kioo: ukiona TZS, mwambie afute aanze upya kwa dirham. Atanung'unika, atafuta. Hotelini ndiko nilikoumia zaidi. Safari ya pili walichukua amana ya chumba kwa dola bila kuniuliza, tena waliikata kabisa badala ya kuishikilia tu. Waliporudisha siku ya kuondoka, ilibadilishwa upya kwa reti nyingine, ikarudi pungufu. Sikuwa nimevunja hata glasi.

ATM nazo zina mtego wao. Nilikutana nao Istanbul. Mashine inakuonyesha reti, halafu vitufe viwili, kimoja kukubali, kingine kimeandikwa "Decline conversion". Ukikiona unadhani ukibonyeza unasitisha kila kitu na kadi inarudi. Hapana, unakataa kubadilishiwa tu, lira zako zinatoka kama kawaida na benki yako inakupigia hesabu baadaye. Ada ya mwenye ATM, kama ipo, utailipa vyovyote vile, hiyo ni habari nyingine.

Mtandaoni ni yale yale. Tovuti ya nje ikikuandikia bei kwa shilingi wakati muuzaji anauza kwa dola, tafuta sehemu ya kubadili sarafu kabla hujalipa.

Na huyo jamaa yako, kama aliwahi kutumia kadi ya dola huko Dubai na risiti bado anazo, chukua kikokotoo ugawe dirham kwa dola alizokatwa. Ikitoka 3.5 na kitu, mwonyeshe.