Usisaini huo muhtasari, dada

Usisaini muhtasari wa kikao cha ukoo. Umeandika hapa kuomba ushauri kwamba kaka yenu mkubwa "ana muda" kwa hiyo atasimamia mirathi ya marehemu dada yenu, wewe uwachukue watoto watatu, na Jumamosi ukoo unakaa kuweka sahihi. Nimesoma mpaka hapo nikaacha kila kitu.

Mimi ni shangazi. Kaka alifariki, mkewe alishatangulia, watoto wakaja na mabegi yao kwenye chumba na sebule yangu. Mpaka wiki ile nilikuwa najua bei ya kope za bandia kuliko bei ya madaftari. Kwenye kikao, mzee mmoja wa ukoo akaniambia, "Mwanangu, kazi yako kulea. Makaratasi ya mahakamani waachie wanaume." Nikasaini, tena na shukrani nikatoa! Mzee huyo siku hizi tukikutana msibani anageukia upande wa pili, nami nahakikisha nimekaa mbele yake.

Alichonificha, au hata yeye hakukijua, ni kwamba kulea watoto na kusimamia mirathi ni vitu viwili. Muhtasari ule ule ndio uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na aliyependekezwa humo ndiye aliyeteuliwa. Kuanzia hapo benki inamsikiliza yeye, wapangaji wanamlipa yeye. Mimi mwenye watoto nikawa naomba hela ya sare, najibiwa "mambo bado yako mahakamani". Siku nilipokwenda Mbagala kuchukua vyombo vya marehemu, geti nikafunguliwa na mwenye nyumba mpya. Mkataba anao, umesainiwa na msimamizi. Akanikaribisha soda. Nikainywa, ningefanyaje, jua la saa nane.

Karani wa mahakama ndiye aliyenifungua macho: msimamizi si mrithi. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa arudishe Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni yote ya marehemu, kisha Fomu Na. 6 ya hesabu. Wa kwetu hakurudisha hata moja na hakuna aliyemuuliza, maana wenye mali walikuwa bado wanajifunza kuandika majina yao. Tuliomba mahakama ikamtengua, ndiyo. Hela ya nyumba ilishakuwa bajaji, na bajaji ilishakuwa chuma chakavu.

Kwa hiyo anayeishi na watoto ndiye awe msimamizi. Wakimtaka na kaka yako, muwe wawili, mahakama inaruhusu. Wakikataa usigombane nao; tangazo la mahakama la maombi ya usimamizi likibandikwa, peleka pingamizi kabla muda wake haujaisha. Mwone na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Kama dada alichangia mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, mafao ya watoto fuatilia kwa miguu yako, usimtume mtu.

Watasema una tamaa ya mali ya marehemu. Mimi walinisifu kwa roho nzuri, na dukani hiyo roho hawakuipokea.

Mambo ya kuhamisha shule na huyo mdogo anayelia usiku, wadau wengine watakujibu. Wewe niambie kwanza: muhtasari wa Jumamosi anauandika nani?