Umeokoka, lakini moyo hautulii?

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu niwe mzee wa kanisa ni hili: "Mama, nimeokoka, nashiriki Meza ya Bwana, mbona sina amani?" Anayeuliza mara nyingi si mlevi wala mwizi. Ni mwanakwaya, ni mama wa umoja wa wanawake, ni kijana asiyekosa mkesha. Na hadi anafika kwangu huwa ameshazunguka sana. Amefunga, ameombewa, amenunua mafuta na maji ya upako, ametoa sadaka nene aliyoambiwa itamfungua. Inaniuma sana, maana mara nyingine fedha hiyo ilikuwa ada ya mtoto.

Basi naanzia hapo. Amani na Mungu haiuzwi. Paulo anawaambia Warumi, sura ya tano, kwamba tulipatanishwa na Mungu kwa mauti ya Mwana wake, na anataja hata wakati wenyewe: tulipokuwa adui. Hakungoja tuache matusi, hakungoja tujue kuomba. Ugomvi aliumaliza yeye, msalabani, sisi tukiwa bado upande wa pili. Anayekuuzia chupa ili Mungu akukubali anakuuzia kitu ambacho Kristo alishakilipia kwa damu, awe na cheo gani kanisani.

Sisi Walutheri tulipaswa kuwa watu wa kwanza kulielewa hili. Martin Luther alipokuwa mtawa kule Erfurt alifunga, alikesha, aliungama kwa saa nyingi, na bado aliogopa kwamba kuna dhambi moja ameisahau. Amani hakuipata humo. Aliipata katika Warumi, alipoona kuwa haki ya Mungu ni zawadi anayopewa mtu aaminiye. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Katika hoja zake 95 za mwaka 1517, ile ya kwanza kabisa inasema Kristo alitaka maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Kwa hiyo neema haikuiondoa toba. Iliiondolea hofu. Natubu kwa sababu nimeshapokelewa, na hapo ndipo utakatifu unapoanza kuota mizizi.

Sasa kama amani imeshatolewa, kwa nini moyo unagoma kutulia? Daudi anajibu katika Zaburi ya 32: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa." Neno zito hapo ni kunyamaza. Dhambi ilikuwepo, ndiyo, lakini kilichomla mifupa ni kukaa nayo kimya. Katika miaka yangu ya kukaa na watu na shida zao nimeona hivyo tena na tena: mtu anasali kwa sauti kubwa kuhusu mambo yote isipokuwa lile moja.

Nitoe mfano wa ndugu mmoja wa jumuiya yetu, na ameniruhusu nisimulie bila jina. Kazi yake ni kununua viazi na vitunguu mashambani na kupeleka sokoni. Alikuwa mwaminifu kwenye ibada, mkarimu, mtu wa kwanza kuchangia msiba. Jioni moja tulikuwa tunasoma Luka 19, habari ya Zakayo kusema atarudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Wenzake walipoondoka yeye alibaki kunisaidia kupanga viti. Akashika kiti kimoja muda mrefu bila kukiweka chini, kisha akasema neno moja tu: "Mama, lumbesa."

Kama hujawahi kulima kwa kuuza, lumbesa ni lile gunia linaloshindiliwa, likaongezewa kichwa cha wavu juu, likazidi kipimo, halafu mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua, na bado imekuwa desturi kiasi kwamba anayekataa anaonekana mjinga wa biashara. Ndugu huyu alikuwa ameisoma mara nyingi Mithali 11, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", na kila mara aliielekeza kwa watu wa serikali.

Hatukufanya maombi marefu usiku ule. Tulifungua daftari lake. Kulikuwa na majina ya wakulima, tarehe na idadi ya magunia, kwa mwandiko wake mwenyewe. Nilimwambia aanze na wale anaokumbuka nyumba zao. Wiki zilizofuata alikwenda mmoja mmoja. Kuna mama alimfukuza, akidhani ni ujanja mpya wa kumlaghai. Kuna mzee alipokea fedha, akazihesabu mara mbili, akasema "Sijawahi kuona hii," akamkaribisha uji. Mke wa ndugu yetu hakufurahi mwanzoni, na sikumlaumu, kwa sababu fedha ile ilitoka kwenye matofali ya nyumba yao. Tangu hapo ananunua kwa mizani. Faida imepungua, na baadhi ya wanunuzi wenzake hawapandi naye gari moja. Ila aliniambia kitu ambacho nimekishika: kwa miaka mingi, kwenye Baba Yetu, akifika "utusamehe makosa yetu" sauti ilikuwa inashuka yenyewe. Sasa haishuki.

Msinielewe vibaya, fedha ile haikumnunulia msamaha. Msamaha aliupata pale pale alipoacha kunyamaza, kwa ahadi ya 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Kulipa kulikuja kwa sababu alikuwa ameshasamehewa, na mtu aliyesamehewa hawezi kuendelea kukalia mali ya mwenzake.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili kuliko sisi. Mwezi Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, walikaa kusoma Biblia na kuomba wakiwa wote wawili wamechoka kiroho. Miaka ya 1930 moto ulishika Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Tanganyika ukaingilia Bukoba. Watu waliungama dhambi kwa majina yake, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni, Wazungu wakawaomba radhi Waafrika na Waafrika wakawaomba radhi Wazungu. Walikuita huko "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Angalia mpangilio wa mstari huo. Ushirika wetu na kusafishwa kwetu vimewekwa pamoja. Ndiyo maana nawaambia vijana: tafuta mtu mmoja au wawili waliokomaa, wenye kifua, mnaoweza kuambiana ukweli. Utakatifu wa mtu anayejifungia na simu yake, anasikiliza mahubiri usiku kucha na hana hata mmoja anayemjua, siuamini sana.

Hata hivyo Uamsho ulikuwa na mapungufu yake, na nisiyafiche. Kuungama hadharani kila jambo kuliumiza nyumba nyingine. Dhambi iungamwe kwa Mungu na kwa yule uliyemkosea, basi. Kama hukumkosea mkutano mzima, mkutano hauna haja ya kujua, hasa kama ndani yake kuna jina la mtu mwingine.

Kuhusu kwenda kwa uliyemkosea, mimi nilifunzwa na bibi yangu kabla ya kufunzwa na mchungaji. Kwetu Uchagani isale hupandwa mpakani kati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba, na jani la mmea huo huo ndilo linalopelekwa kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hatakiwi kukataa. Kwa kawaida hutumwa mtu, lakini bibi alikwenda mwenyewe kwa jirani aliyekuwa amemsema vibaya kwenye maji, mimi nikiwa mtoto nyuma yake. Jirani alikuwa anamenya ndizi. Bibi akampa jani kwa mikono miwili na kumwambia maneno yale yale aliyoyasema, bila kuyapunguza, kisha akasema, "Nilikudhulumu, nisamehe." Jirani alilishika lile jani, kimya, halafu akaita mtoto alete kigoda. Wapo Wakristo wanaosema isale ni mila ya kuachwa. Mimi sioni dhambi katika jani. Ninachosema ni kwamba jani peke yake bila maneno halitoshi, kama ambavyo "nisamehe kama nimekukosea" haitoshi. Hakuna "kama". Unajua ulichofanya.

Upande wa pili ni mgumu zaidi: kusamehe aliyekukosea wewe. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alikimbia Uganda na mkewe kupitia milimani kuingia Rwanda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin mwezi Februari 1977. Alisimulia jinsi chuki dhidi ya Amin ilivyomkausha, hadi Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, aliposikia yakisomwa maneno ya Yesu, "Baba, uwasamehe", akaona hana budi kumsamehe. Amin hakuwa ameomba msamaha. Hakuna kilichobadilika Kampala siku ile. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya Kivengere, na hakurudi Uganda kujikabidhi kwa wauaji ili aonekane amesamehe.

Hapo nataka akina mama wanisikilize. Kumsamehe mume anayekupiga hakumaanishi kurudi kulala palipo na panga. Warumi 12:18 inasema, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kuna amani ambayo haiwezekani kwa sababu upande wa pili hautaki, na Mungu anajua. Nimewahi kusikia mwanamke akirudishwa nyumbani kwa mstari wa Biblia, na nilikasirika kwa ajili yake hadi leo. Mwenye kupatanisha ahakikishe kwanza mtu yuko salama.

Vilevile si kila ukosefu wa amani unatokana na dhambi. Wapo waliokwisha kutubu jambo moja mara mia na bado wanahukumiwa moyoni. Nimejifunza kutofautisha. Roho Mtakatifu akikugusa anataja kitu: lile deni, yule dada, ule uongo ofisini, na anakuonyesha njia ya kutokea. Mshitaki, yaani Shetani, hataji kitu. Anakuambia tu wewe ni mbaya, hufai, Mungu amekuchoka, na hakuna njia. Sauti ya namna hiyo usiitubie, ijibu kwa Warumi 8:1, kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Na kama hulali, huli, huna hamu ya kuishi kwa wiki nyingi, nenda hospitali huku tukikuombea. Daktari naye ni mkono wa Mungu.

Kwa siku za kawaida ushauri wangu ni mfupi. Soma kitabu kimoja cha Biblia kwa mpangilio, usirukeruke mistari ya kutumiana. Kabla ya kulala pitia siku yako mbele za Bwana, ulisema nini, ulimfanyia nini dada wa kazi, ulitazama nini kwenye simu. Taja kwa jina, pokea msamaha, lala. Ukianguka kesho kwenye kosa lile lile, rudi tena. Waebrania 12:14 inatuambia tutafute kwa bidii amani na watu wote pamoja na utakatifu, na neno bidii lina maana kwamba kazi haiishi leo.

Nimalizie na swali ambalo nimeulizwa mara kadhaa, tena kwa machozi: je, kama niliyemdhulumu ameshakufa? Torati ililifikiria. Katika Hesabu sura ya tano, aliyekosa anaungama, anarudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kama mwenyewe hayupo wala hana jamaa wa karibu wa kupokea, malipo ni ya BWANA, yanakwenda kwa kuhani. Kwa hiyo watafute kwanza watoto wake, au ndugu zake. Usiwape kimyakimya kama zawadi, waambie ni haki ya baba yao. Usipowapata, mwambie mchungaji wako ukweli wote na fedha hiyo iende kwa wajane au kwa ada ya yatima wa usharika, bila jina lako kutangazwa kwenye matangazo ya Jumapili.