Jibu: Barua ya bima baada ya kuachishwa kazi Marekani

Mkuu, pole sana. Umeuliza kama mwajiri wako wa Ohio analazimika kukuandikia kuhusu bima ya afya, na kama ni kweli serikali inalipia yote, kama alivyokwambia shemeji yako.

Shemeji hajadanganya, ila habari yake imechacha. Mwaka 2009 serikali ilibeba asilimia 65 ya ada ya COBRA (sheria inayokuruhusu kubaki na bima ya kazini kwa kuilipia mwenyewe) kwa walioachishwa kazi. Mwaka 2021 ikabeba yote, lakini kuanzia Aprili 1 hadi Septemba 30 tu, na waajiri walipewa hadi Mei 31 kuwaandikia waliostahili, hata wale waliokuwa wameshaikataa. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hakuhesabiwa. Sasa ruzuku hiyo haipo.

Barua yenyewe bado ni haki yako, kama kampuni ina wafanyakazi 20 au zaidi. Mwajiri ana siku 30 za kumjulisha msimamizi wa bima, naye ana siku 14 za kukuandikia. Mara nyingi mwajiri ndiye msimamizi, kwa hiyo hesabu siku 44. Kama ni wiki tatu tu zimepita, bado hawajachelewa. Ila hakikisha wana anwani yako ya sasa! Barua yangu ilienda kwenye nyumba niliyokwisha hama.

Ikifika, una siku 60 za kuamua, na ukilipa bima inahesabiwa tangu siku ilipokatika. Ada inaweza kufika asilimia 102 ya gharama nzima, pamoja na ile sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri. Linganisha kwanza na bima za HealthCare.gov (tovuti ya serikali ya kununua bima), huko nako una siku 60 tangu bima ikatike.