Umeitwa kikao na wazee? Usihame, nenda

Hiyo barua ya kuhama usiiandike. Kama ushaiandika, ichane kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mtoa mada anasema yuko kwaya, anaishi na mama mtoto bila ndoa, na baraza la kanisa limemwita Jumapili hii. Anauliza kama ni lazima aende, kama atanyimwa Meza ya Bwana, mtoto atawekwa wakfu au la, na harusi ije kabla ama baada. Halafu rafiki kamshauri avuke Likoni, ajiunge na kanisa la huko polepole mpaka watu wasahau.

Rafiki! Hata mimi nilikuwa naye mmoja.

Mwaka 2014 nilikuwa mhazini wa kanisa letu dogo la Wasabato huku Mombasa. Pesa za mabati, shilingi 62,000, nikazikopa. Ndivyo nilivyoita mwenyewe, kukopa. Nikanunua robota la mitumba Kongowea nikijua nitazirudisha mwisho wa mwezi na faida juu. Kufungua, majaketi mazito ya baridi ya Ulaya. Mombasa hii, mwezi wa Februari. Hata mbuzi hakuuliza bei.

Lakini wizi haukuwa kosa langu la gharama. Naam, nimesema. Gharama ilianzia mzee wa kanisa alipokuja nyumbani peke yake, jioni, bila makelele, vile Mathayo 18 inavyoagiza: kwanza wewe na yeye, faragha. Nikamtuma mtoto akamwambie baba hayuko. Ndara zangu ziko mlangoni, redio naisikiliza mimi. Mzee akaziangalia zile ndara, akasema "basi mwambie nitarudi." Akarudi na wenzake wawili. Nikajificha tena, safari hii chooni, nusu saa nzima, kwa joto lile. Mtoto wangu sasa ni mkubwa na hilo la chooni hajalisahau.

Nani alinipa akili hiyo? Jamaa wa besi kwenye kwaya. "Ukienda watakuanika kama papa. Hama. Mungu ni mmoja, kanisa ni popote." Nikamwamini, maana anajua kunukuu maandiko na hana haraka akisema. Kikao cha washiriki kilipoketi mimi nikiwa ng'ambo ya feri, unajua ni nani aliyeunga mkono hoja ya kunitoa? Besi. Naambiwa aliinua mkono kabla hoja haijamaliza kusomwa.

Na huko ng'ambo hakukuwa na maficho. Kwetu Wasabato mtu hahamishi ushirika kwa kuhamisha kiti. Karani wa kanisa unaloendea anamwandikia karani wa kanisa ulilotoka, na aliye chini ya nidhamu haruhusiwi kuhamishwa. Mimi nishaanza kupewa vipindi vya kufundisha, najiita mgeni kutoka bara, barua ikavuka kivuko ikanikuta nimesimama mbele. Aibu niliyoikimbia kwa watu 40 nikaila kwa watu 200.

Sasa kinachoniuma mpaka leo. Baraza huwa linapendekeza tu. Wanaoamua ni washiriki wenyewe kwenye kikao, na mtuhumiwa ana haki ya kujulishwa, kuwepo na kujitetea. Tena adhabu ziko mbili. Kuna karipio, la mwezi 1 hadi miezi 12: unavuliwa cheo, huongozi, hupigi kura, lakini ibada unahudhuria na Meza ya Bwana unashiriki. Ndiyo, Meza unashiriki, usidanganywe na mtu. Kuna na kuondolewa kabisa. Mzee yule alikuja kuniambia miaka baadaye kwamba pendekezo lao la kwanza kwangu lilikuwa karipio la miezi 6 na mpango wa kulipa kidogo kidogo. Miezi 6! Ningekuwa nimemaliza kabla majaketi hayajaisha. Kwa kukimbia, na uongo wa ng'ambo juu yake, nikaondolewa, na kurudi kukanichukua miaka 4.

Kurudi kwenyewe nilianza na pesa. Sikusema neno mpaka shilingi ya mwisho ya 62,000 iwe imeingia na risiti nimepewa. Kisha nikaenda kwa mzee, mara hii ndara zangu nikaziacha mlangoni kwake. Nikaungama mbele ya kanisa, wakapiga kura, nikabatizwa upya. Ubatizo ulikuwa baharini, pale ufuo wa umma kwa Pirates: kushoto ngamia, kulia vijana wanaelea na matairi wakipiga mluzi, mimi na kanzu nyeusi katikati nalia. Kijana mmoja akamuuliza pasta bei ya somo la kuogelea.

Sabato ya Meza iliyofuata, kwenye kutawadhana miguu, yaani kuoshana miguu kabla ya Meza, mzee ndiye aliyebeba beseni akanijia. Hakusema kitu. Na mimi sikuweza.

Kwa hivyo Jumapili enda. Kwa miguu yako, mapema, na mama mtoto akikubali enda naye. Usiandae hotuba, wala usimwombe besi wenu akusindikize. Wakikuuliza, jibu lililopo.

Ulikuwa na maswali mengine, nadhani ya harusi, watakujibu wenye harusi. Mimi nataka kujua kikao ni saa ngapi. Ukiona miguu inakuwa mizito niandikie faragha, nakuja tunaenda pamoja mpaka mlangoni, mimi nabaki nje.