Kocha Ajibu: Saa Inalia Nipunguze Mbio, Na Mimi Bado Napiga Stori

*Kocha habari ya kazi. Mimi ni mama wa miaka 43, niko Kisumu, tunakimbiaga na wenzangu asubuhi kutoka Milimani mpaka Dunga na kurudi. Mzee wangu alininunulia saa ya mazoezi lakini sasa imekuwa kelele, kila siku inalia ati niko zoni ya 4 nipunguze, na mimi hapo naongea na wenzangu vizuri tu, mapigo yako kama 145. Nikipunguza zaidi natembea. Juzi tukipanda Riat iliandika 189, ilipanda polepole na nikifika juu nilikuwa siwezi kutoa neno. Niogope ama niiweke kabatini? – Mama wa Mbio*

Usiiweke kabatini dadangu. Kwa vile umenieleza, moyo wako uko sawa na saa pia haijaharibika, shida ni namba moja imekaa ndani ya app na hukuichagua wewe. Siku ya kwanza ilikuuliza mwaka wa kuzaliwa, si ndio? Basi ikachukua 220 ikatoa 43 ikapata 177, ikaamua hapo ndio mwisho wa moyo wako, yaani mapigo mengi kabisa unaweza kufika kwa dakika, na zoni zote tano, zile ngazi za ukali wa mazoezi, zikakatwa kutoka hapo. Zoni ya 4 kwa saa nyingi ni asilimia 80 mpaka 90 ya huo mwisho, na 145 ukiiweka juu ya 177 ni asilimia 82, ndio maana inalia. Sasa Riat ulifika 189. Mtu hapiti mwisho wake, kwa hivyo 177 haikuwa yako hata siku moja. Ukiweka 189, hiyo 145 inakuwa asilimia 77, zoni ya 3, na hiyo ndio inafanana na mtu anayekimbia akiongea.

Hii hesabu ya 220 inanisumbua kwa sababu watu wanaichukua kama sheria. Ilitoka Marekani mwaka wa 1971, mtafiti Fox na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti za watu wengine wakapitisha mstari katikati, basi. 2001 mtafiti mwingine, Tanaka, na wenzake wakaleta nyingine, 208 ukitoa miaka yako mara 0.7, na kwako inatoa 178, yaani bado haikusaidii. Zote ni wastani, na watu wawili wa umri mmoja, wote wazima, wanaweza kuachana mapigo 20 na zaidi. Ni maumbile tu, huyo mwenye namba kubwa hajamshinda mwenzake.

Dawa ni kuweka namba yako mwenyewe. Lakini kabla hujajaribu, kama una presha ama kisukari, kama kifua kinabana ukipanda ngazi, kama umewahi kuzimia ama kwenu kuna mtu alienda ghafla na moyo akiwa bado kijana, pitia kwa daktari kwanza, hapa sibembelezi. Kama hakuna, chagua siku umelala vizuri na huna homa, toka asubuhi kabla jua la Kisumu halijawaka, valia mkanda wa kifuani wa kupima mapigo hata kama ni wa kuazima maana unasoma vizuri kuliko saa ya mkono. Kimbia polepole dakika 15 ama 20, halafu panda mlima kwa nguvu kama dakika tatu, shuka ukitembea, rudia, na mara ya tatu toa yote uliyo nayo, nenda na mwenzako usiende peke yako. Namba kubwa kabisa uliyoona ndio yako. Ingia kwa app, profaili yako, sehemu ya mapigo ya moyo, futa 177 uandike hiyo, usiongeze wala usipunguze. Zoni zitajipanga upya na hata yale makadirio ya VO2 max, yaani oksijeni nyingi kabisa mwili wako unaweza kutumia ukijikaza, yatapanda, kwa sababu saa ilikuwa inafikiri unaumia na wewe ulikuwa unatembeza tu.

*Kocha, niko Nakuru, miaka 38. Nikipanda Menengai nikihema vibaya naona 172, nikishuka naona 188. App ikachukua 188 kama mwisho wangu. Sasa mazoezi yanataka nishike 165 nusu saa na siwezi. Nimeisha? – Wa Lanet*

Hujaisha kaka. Kushuka hakuwezi kupita kupanda hivyo, hapo saa ilikuwa inahesabu hatua zako. Taa ya nyuma ya saa inatafuta damu ikipita kwa ngozi, na saa ikicheza mkononi inashika mtingishiko wa miguu, ambao ukishuka kwa kasi unafika hapo hapo hatua 180 na kitu kwa dakika. Rudisha 172, zima ile setingi ya app kubadilisha mwisho wako yenyewe, kaza mkanda wa saa na uivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono. Hiyo 165 ilikuwa asilimia 96 ya mwisho wako, ni wachache sana wa kuishika nusu saa.

*Mwalimu, nina miaka 61, Kakamega, natembea kila jioni hadi Bukhungu. Natumia atenolol ya presha. Saa inasema mwisho wangu ni 159 lakini hata nikijikaza sipiti 115. – Mstaafu*

Mzee wangu, asante kwa kuandika. Hiyo ni dawa inafanya kazi yake, atenolol na ndugu zake kama bisoprolol zinashikilia moyo usikimbie, kwa hivyo hesabu ya miaka haikuhusu kabisa. Tafadhali usijikaze kuifukuza 159, na usiruke dawa ndio namba ipande, kuacha hizo dawa ghafla ni hatari. Ule mtihani wa mlima nimeeleza juu si wako. Tembea kwa mwendo unaweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hicho ndicho kipimo chako kwa sasa. Ukienda kliniki uliza kama unaweza kupimwa moyo ukitembea kwa mashine, ukiwa umemeza dawa kama kawaida, na namba watakayokupa hapo ndio uandike kwa saa. Wakibadilisha dawa ama kipimo chake, hiyo namba nayo ibadilishwe.